Jumapili Niliyoning'inia Juu ya Mama Mkwe

Niseme mapema kabla hujagundua mwenyewe: katika habari hii mjinga ni mimi. Nimejaribu kuipanga vingine, nikajipa ujanja kidogo hapa, ushujaa kidogo pale, lakini mimi naandika huku nasoma kwa sauti, ndivyo nilivyofundishwa darasa la nne, na mke wangu yuko hapo nje anasonga ugali. Kila nikidanganya anagonga mwiko kwenye ukingo wa chungu. Basi itabidi iwe kweli.

Wakati huo nilikuwa mgodini, upande wa Geita, nafanya kazi kwenye winchi inayoshusha watu shimoni na kupandisha mawe. Nilikuwa na miaka miwili tangu nioe. Mke wangu kwao ni Samuye, kule Shinyanga, na tulipewa chumba kimoja kule laini, yaani zile nyumba ndefu za bati ambazo wafanyakazi tulipangwa humo kama magunia ya karanga. Kuta zilikuwa hazifiki juu. Jirani wa kushoto, seremala wa kutoka Tabora, alikuwa anajua tunakula nini kwa kusikia mlio wa sufuria. Jirani wa kulia aliwahi kuamua ugomvi wetu akiwa amelala kitandani kwake, na akampa ushindi mke wangu.

Ukimwambia mkeo neno tamu, unasikia mtu ukutani anasema, "Hapo umesema kweli."

Sasa, pale mgodini palikuwa na Mzungu mmoja wa mashine na mkewe. Kila Jumamosi walijaza gari lao kamba na hema, wakaenda zao milimani. Siku moja nilitumwa kuwabebea hema. Tulifika kwenye majabali makubwa, wakafungana kamba kiunoni, mume na mke, wakaanza kupanda jiwe lililosimama wima. Nikadhani juu kuna mbuzi wao. Wakafika juu, wakakaa, wakala mikate, wakashuka.

"Wamechukua nini kule?" nikamuuliza dereva wao.

"Hakuna kitu."

"Sasa wamefuata nini?"

"Wamefuata kupanda."

Nilicheka njia nzima. Nilipomsimulia mke wangu hakucheka. Alikuwa anachambua mboga, akasema, "Kule juu kuna jirani?"

Nikasema hakuna.

"Basi twende."

Ndivyo tulivyoanza. Jumamosi king'ora kikilia saa sita, mimi natoka mbio kwenye winchi, nafika nyumbani namkuta kashafunga mzigo: mkeka, blanketi, sufuria moja, michembe, yaani vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, na karanga. Kamba nilipata ile ya katani ya winchi iliyotupwa kwa kuwa imechoka. Imechoka kubeba mawe, lakini kunibeba mimi bado iliweza. Turubai nalo lilikuwa la kutupwa, lina matundu, ukilala chali unahesabu nyota bila kutoka nje.

Kilima chetu kilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka laini. Kilikuwa rundo la majabali, moja juu ya jingine, kama watoto wa jitu walikuwa wanacheza wakaitwa kula wakaacha. Chini palikuwa na pango dogo, kavu, ndipo tulipolala. Mawe yalikuwa yanashika joto la mchana, ukiyaegemea jioni ni kama unaegemea ng'ombe. Mvua ikiwa imenyesha, juu kulikuwa na vidimbwi kwenye jiwe, maji safi ya baridi, tukawa tunanawa uso na kurushiana. Pimbi walitutazama kutoka kwenye nyufa zao na sura zile za wazee waliokasirishwa na makelele. Siku ya hewa safi ulikuwa unaona ziwa kwa mbali sana, mstari mwembamba tu unaong'aa, na mke wangu alikuwa anabisha kwamba ni mawingu.

Hapo lazima niseme jambo, maana nasikia mwiko umeinuliwa. Mpandaji alikuwa yeye. Amekua anachunga mbuzi kwenye mawe ya Samuye, miguu yake inajua jiwe kabla macho hayajaliona. Alikuwa anatangulia kwenye ufa, chwi chwi chwi, kisha anaifunga kamba kwenye ule mti wa juu uliobana mizizi yake kwenye mwamba, ananitupia ncha, nami najifunga na kupanda nikihema kama mashine ya kusaga. Tukishafika juu tulikuwa tunazunguka nyuma ya kilima, upande wenye mteremko mzuri, tunashuka kwa miguu kama watu.

Kule laini, lakini, nilisimulia vingine. Nilisema mimi ndiye ninayetangulia. Nilisema nakwea kwa mkono mmoja, wa pili nimemshika mke.

"Na kofia?" seremala aliuliza.

"Kofia naishika kwa meno."

Wengine hawakuamini hata kidogo kwamba tunakwenda kupanda mawe. Mtu na akili zake akienda milimani kila Jumamosi, kwenye nchi ya dhahabu, anafuata nini? Kuna Jumamosi wachimbaji wawili wa kule Nyarugusu walitufuata kwa kunyata. Wakatokea ghafla pangoni, wakatukuta tumekaa tunakaanga karanga, mke wangu ananicheka kwa sababu nimekalia siafu. Walisimama pale wanatutazama kama tumewaibia. Mmoja akasema, "Kwa hiyo ni kweli mnakuja bure?" Tukawapa karanga, wakaondoka wanatikisa vichwa.

Maneno hayakai sehemu moja. Yalipanda lori, yakafika Samuye kwa mama mkwe wangu, na yakafika yameshanenepa: binti yako hana nyumba, mume anamlaza mapangoni na nyani. Na juu ya hapo, miaka miwili, mtoto hakuna. Mama mkwe akafunga kanga kiunoni, akapanda lori la pamba, akaja.

Alipofika, mimi nilitoka dirishani.

Usicheke bado. Sisi Wasukuma mama mkwe huonani naye uso kwa uso. Humwiti, humsalimii kwa mdomo, huli naye, na mkikutana njiani mwanamume anaingia porini mpaka apite. Ni heshima. Sasa heshima hiyo iweke kwenye chumba kimoja! Nikahamia kwa seremala, kitanda kile kile, naye anakoroma kama randa. Mke wangu ndiye aliyekuwa posta yetu. "Mama anakusalimu." "Mwambie shikamoo." "Anasema marahaba, na anauliza kwa nini bati linavuja." Hivyo hivyo siku tatu.

Siku ya tatu, Jumamosi, mke wangu alikuja kwa seremala macho mekundu.

"Amekuja kunichukua," akasema. "Anasema nikatibiwe nyumbani. Jumatatu kuna lori."

"Ukatibiwe nini?"

"Mtoto."

"Na utarudi lini?"

Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Hapo ndipo mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa neno, ulikosa. Wote tulikuwa tunawajua wanaume wa pale laini ambao wake zao walikwenda kutibiwa kwao na mpaka leo wanatibiwa.

"Kasema kesho nimpeleke akakione hicho kilima," akaongeza. "Anataka kuona pango anakolazwa mwanae."

Nikafikiri: kama ni pango ndilo linaloniponza, pango litapendeza. Jumapili asubuhi na mapema nikatangulia peke yangu, na mkeka mpya wa kuazima, birika la seremala na kamba yangu begani. Nikafagia. Nikafukuza buibui. Nikatandaza turubai nikaficha matundu kwa majani. Mpango ulikuwa nimalize, niondoke kwa njia ile ya kuingilia kabla hawajafika, nikae mbali kama mkwe mwenye adabu.

Lakini pango likanogea. Nikalipanga tena. Nikaweka birika kulia, nikalihamishia kushoto. Mara nikasikia sauti ya mama mkwe njiani, karibu, kama kutoka hapa mpaka kwenye banda letu la kuku.

Nilikuwa nimewahesabia mwendo wa saa mbili. Nilisahau kwamba mke wangu miguu ile kaitoa kwa mtu.

Njia ni ile moja, hata ya kuzungukia nyuma ya kilima inaanzia humo humo, na wao wako juu yake. Pande zote nyingine ni jiwe. Mwanamume mwenye akili angekaa pangoni akageukia ukutani. Mimi nilikwea, kamba bado iko begani. Na kwa haraka zangu sikuingia hata kwenye ufa wetu, niliingia kwenye ufa wa pembeni ambao hatujawahi kuupanda, nikapanda kwa nguvu za woga, katambuga moja, zile ndara za tairi, ikanitoka mguuni ikabaki chini. Njiani jiwe likanichana kaptula kwa nyuma. Nikafika kwenye kibaraza cha jiwe, upana wake kama benchi la shule, nikasimama kwa vidole vya miguu nimelikumbatia jiwe. Juu yangu mwamba umevimba kama tumbo la ng'ombe, haupandiki. Kushuka, nilipotazama chini, sikuona pa kuweka mguu. Sikuwahi kushuka upande ule maisha yangu.

Na mama mkwe akaja akakaa kivulini, chini yangu kabisa. Ningetema mate yangemwangukia.

"Pamefagiwa," akasema.

"Ndiyo mama."

"Na hii katambuga ya nani?"

Nikajua mke wangu ameitambua. Nikajua sasa hivi anainua macho polepole. Sikuweza kumwona, lakini nilisikia pumzi yake ikikatika.

"Ya... ya watu, mama. Twende tukakae upande ule, kuna kivuli kizuri zaidi."

"Hapa pananitosha. Kaa chini, tuongee." Nikasikia wanatafuna michembe. Kisha mama mkwe akasema, "Mwanangu, mimi sikukuzaa uje kulala mawe. Watu Samuye wananiuliza. Nitawajibu nini?"

"Wajibu nalala na mume wangu."

"Kwenye mawe!"

"Mama, kule laini nikikohoa usiku napewa pole na watu sita. Huyu mume wangu kule ni wa kila mtu. Mtu yeyote akitaka kucheka anamfuata, na yeye hajui kunyima. Huku ananichekesha mimi peke yangu. Jumamosi mpaka Jumapili tu, mama. Na kuna siku huku hachekeshi hata kidogo, ananiambia anavyoogopa shimo likifunga na watu wako ndani. Kule hajawahi kusema neno hilo."

Nilikuwa nimeweka shavu kwenye jiwe. Nasema jiwe lilikuwa na vumbi, ndiyo maana macho yalinitoka machozi.

"Na huko kupanda," mama mkwe akauliza, "anajua kweli, au maneno?"

Miguu yangu ilikuwa inacheza ngoma yake yenyewe.

"Anajua sana, mama," mke wangu akasema. "Hodari."

Wakati huo huo pimbi mmoja akatoka kwenye ufa, akanikuta nimesimama mlangoni kwake, akapita juu ya mkono wangu, manyoya, kucha na kila kitu. Nikapiga ukelele. Kati ya maneno yote ya dunia, nililia lile analolia kila Msukuma akifikwa:

"Mayuu!"

Yaani mama. Huonani naye, humwiti, na mimi nimemwita, kwa sauti, milima ikarudia mara tatu.

Nikasikia kanga inavutwa kufunika kichwa.

"Nani huyo?" mama mkwe akauliza.

"Nyani, mama."

"Nyani wa huku wanasema Kisukuma?"

Mke wangu akaanza kucheka. Nisikilize vizuri: mume wake yuko karibu kufa, mama yake amevunjiwa heshima, kesho anachukuliwa, na yeye anacheka mpaka anakaa chini, na katikati ya kucheka nikasikia analia. "Mama," akasema, "atakufa. Kapita ufa mbaya. Hawezi kushuka."

Nilichosikia baadaye ni nyayo zinazunguka nyuma ya kilima, za watu wawili. Mama mkwe naye anapanda! Mara sauti zao zikatokea juu ya kichwa changu.

"Bwana!" mke wangu akaita. "Nirushie ncha ya kamba!"

Nikarusha, ikanirudia usoni. Nikarusha tena. Ya tatu akaidaka, akaizungusha kwenye mti wetu. Nikajifunga kwapani. Halafu nikamsikia mama mkwe, kanga imemziba mdomo, anazungumza na binti yake kana kwamba mimi niko Mwanza.

"Mwambie mwenye uzito huu mimi nimempa mgongo, simtazami. Nimekaa nimeweka miguu kwenye mti. Nimewahi kushika madume ya ng'ombe kwa kamba, sijawahi kuachia."

"Mama anasema..."

"Nimesikia! Mwambie asante!"

"Anasema asante."

"Mwambie aache kulikumbatia jiwe, siyo mke. Aegemee nyuma. Mguu wa kushoto kwanza."

Nikashuka hivyo, shubiri kwa shubiri, mama mkwe analegeza kamba kidogo kidogo, mke wangu amelala kifudifudi ukingoni ananionyesha pa kukanyaga, na kila agizo linapita kwake kwanza ingawa nalisikia lilivyo. "Mwambie asipige mateke." "Mama anasema usipige mateke." "Sipigi, ni miguu yenyewe!" "Anasema ni miguu yenyewe, mama." Mpaka nyayo zikagusa ardhi. Nikafungua kamba, nikaokota katambuga yangu, nikashika kaptula kwa nyuma, nikaingia porini mbio.

Nilikaa kwenye kichaka mpaka jua likaegemea. Wao hawakushuka. Walikaa kule juu, wawili, muda mrefu, na mara kwa mara upepo ukaniletea kicheko. Mara moja nikasikia mama mkwe anasema, "Lile ni ziwa," na mke wangu akabisha, "Mawingu, mama."

Jumatatu sikwenda kwenye winchi kwa wakati. Nilijificha nyuma ya ghala karibu na lori linapopakia. Nikamwona mke wangu anambeba mzigo mama yake. Mzigo mmoja. Nikatafuta wa pili, hakuna. Mama mkwe akapanda mbele kwa dereva, lori likawaka, na mke wangu akabaki amesimama kwenye vumbi. Kisha akageuka, akasema kwa sauti kuelekea ghalani, "Toka huko, utachelewa kazini."

Nilimuuliza mwezi mzima, "Mama alisema nini kule juu?" Akawa anajibu, "Alisema michembe ilikuwa mikavu."

Tuliendelea kwenda kilimani kila Jumamosi, karibu mwaka mmoja tena. Mpaka tumbo lake likawa kubwa hawezi kupita kwenye ufa, na hata hapo alikaa chini ananielekeza nipande peke yangu kwenye mteremko wa nyuma, nikampungie mkono, nishuke. Sasa tuko Buseresere, tunalima pamba. Tuna vyumba vitatu, kuta zimefika mpaka juu, jirani yuko mbali hata ukimwita hasikii. Nimeona kitu cha ajabu: tangu tupate nyumba ya kuongea, usiku tunalala mapema. Juzi nilimkuta amesimama kwenye kichuguu nyuma ya zizi, anatazama mbali. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Hakuna kitu." Ile kamba bado ninayo. Tunafungia ndama.

Mtoto alipozaliwa nilipeleka mbuzi na kitambaa Samuye, kama inavyopasa, ili ukwe ulegezwe na mama mkwe aweze kusema nami. Nikaingizwa ndani, nimeinamisha kichwa. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba wa mjukuu wangu. Inua kichwa." Nikainua. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe na uso unao. Mimi siku zote nikikukumbuka, nakumbuka nyayo mbili zinatetemeka na kaptula iliyochanika."

Nikageuka kumtazama mke wangu. Alikuwa ameficha mdomo kwa kanga.

"Mama," nikasema, "si ulijifunika?"

"Nilijifunika baada ya kutazama. Nyani akiniita mama, nisitazame?" Akachukua mtoto akampakata. "Siku ile nilikuja kumchukua mwanangu, nilikuwa nimeshamwambia dereva aache nafasi mbili. Nikainua macho nikakuona. Nikasema, mtu aliyekwea pale ili asinikute mimi njiani, nikimnyang'anya mke nitakuwa mtu gani? Basi." Akamtikisa mtoto kidogo, akaongeza, "Ila nasikia unawaambia watu ile kaptula ilichanwa na jiwe. Usidanganye, baba. Ule mchano ulikuwa wa siku nyingi, nyuzi zake zilikuwa zimeshakuwa nyeusi."